Nusu Saa ya Maji

Mkaguzi wa hesabu huuza saa. Wengi hudhani tunauza ripoti, ile yenye sahihi na mhuri inayokaa mwanzoni mwa hesabu za kampuni, lakini ndani ya ofisi bidhaa yenyewe ni saa. Kila jioni nilijaza karatasi ya muda: saa mbili kwa mteja huyu, nusu saa kwa yule, robo saa kwa kikao, kila kipande na namba yake. Ijumaa jumla ilitakiwa ifike mahali, na isipofika unaitwa kueleza. Kazi hiyo niliifanya Dar es Salaam tangu nilipotoka chuoni. Nilifaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, nikapanda hadi umeneja, na niliipenda. Hilo nataka lieleweke mapema, maana walioacha kazi wakisimama kutoa ushuhuda huanza kwa kuisema vibaya ile kazi. Ukaguzi ni kazi ya heshima. Kuna raha ya kweli katika kuifuata vocha moja hadi kwenye risiti, risiti hadi kwenye taarifa ya benki, mpaka ujue shilingi ya mwisho imelala wapi.

Kwa hiyo sikukimbia kazi mbaya. Nilianza kusumbuliwa na jambo ambalo hata jina sikuwa nalo. Mwisho wa mwaka mmoja nilitakiwa kupitia karatasi zangu zote za muda kwa ajili ya tathmini, na nilipozipitia sikukuta hata saa moja ninayoikumbuka. Zilikuwepo zote, zimejumlishwa sawasawa, zimelipwa. Niliweza kukuambia nilikuwa kwa mteja gani tarehe ngapi. Mtu aliyeziishi saa zile ndiye sikumwona. Nilizirudia kwa utulivu, kama tulivyofundishwa kurudia hesabu isiyokaa, na bado sikumwona.

Mwaka uliofuata baba alifariki. Tulimzika Mwanakwerekwe, Unguja, na siku ya hitima simu ilikuwa ikitikisika mfukoni mwa kanzu kwa sababu hesabu za benki moja zilikuwa hazijafungwa. Watu walipotawanyika, mimi na dada yangu tulifungua kasha la karatasi za marehemu. Kati ya vyeti na stakabadhi za kodi ya nyumba kulikuwa na barua za ami yangu, kaka mkubwa wa baba, aliyeondoka Unguja kijana baada ya Mapinduzi ya 1964 na kuishia Oman. Sultani Qaboos aliposhika nchi ile tarehe 23 Julai 1970, aliwaita warudi wenye asili ya Oman waliotawanyika ng'ambo, na wengi wa kutoka Zanzibar waliitika, wakaingia maofisini, mahospitalini na kwenye mafuta kwa sababu walikuwa wamesoma. Ami alikuwa mmoja wao. Katika barua moja ya wino wa buluu alimkumbusha baba kwamba katika kijiji cha babu yao, chini ya Jabal Akhdar, baba ana urithi wa maji ya falaji: athar moja, yaani kama nusu saa ya mtiririko kila zamu inapozunguka. Ami huyatumia maji hayo kwenye mitende yake, na kila mwaka humpelekea baba tende kuwa ndiyo haki yake.

Niliisoma barua ile nimesimama. Katika utoto wetu wote, kabla ya Ramadhani, lilikuwa likifika nyumbani boksi la tende. Tulizila tukijua ni zawadi, kumbe yalikuwa mapato. Nilikuwa nimekagua makampuni yenye mali ya mabilioni, na hapa palikuwa na mali ya nyumbani kwetu ambayo haikuwahi kuingia katika kitabu chochote nilichokijua, na mali yenyewe ilikuwa ni muda. Nusu saa. Baba alikuwa na nusu saa mahali fulani duniani, babu aliimiliki kabla yake, na mimi nilikuwa nayo sasa pamoja na dada yangu, kwa hisabu ya mirathi.

Sikuacha kazi wiki ile. Nilichukua muda mrefu kujipanga, na nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kuna watu walionizunguka waliokula kwa mshahara wangu. Dada alikuwa chuo kikuu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ulifunika sehemu tu ya gharama, kilichobaki kilikuwa changu. Nilitenga ada yake yote mpaka amalize, nikamwachia yeye mwenyewe ashike akaunti. Mama, ambaye baada ya baba alirudi kwao Same, milimani Upare, nilimwekea cha kumtosha. Gari niliuza. Ofisini nilipopeleka barua ya kuacha kazi, mwenzangu tuliyeanza naye siku moja alifunga mlango na kuniuliza, "Wewe si ulishajipata? Sasa unakwenda kutafuta nini?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Mama alinyamaza kwenye simu kwa muda, kisha akasema, "Unakwenda kulima Uarabuni? Kwetu mashamba yamekwisha?"

Ndege ya kwenda Muscat ilijaa mabinti, kila mmoja na bahasha ya kaki mkononi, wanakwenda kazi za ndani. Aliyekaa pembeni yangu alitoka Tanga, amemwachia mama yake mtoto ambaye hata kutembea alikuwa hajakomaa. Aliniuliza, "Na wewe kaka, unakwenda kazi gani?" Nikamwambia nakwenda kumsalimia ami. Ilikuwa kweli, lakini kusema kwamba nimeacha mshahara kama wangu kwa hiari, mbele ya yule dada anayevuka bahari kuufuata mshahara mdogo kuliko posho yangu ya safari, ulimi haukuweza. Kujitafuta kunahitaji akiba. Kunahitaji mama mwenye chakula, na pasipoti ambayo hakuna mwajiri atakayeikamata. Tangu siku ile sijamwambia mtu yeyote aache kazi yake, na ushuhuda huu siuandiki kwa nia hiyo.

Ami alinipokea kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe ambacho huku kwetu kimeanza kupotea. Mkewe alizaliwa Bujumbura. Naye anazungumza Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa, na jikoni kwake nilikula samaki wa nazi jioni ya kwanza. Familia za namna hii zipo nyingi Oman, za Unguja, Pemba, Mombasa, Burundi, Kongo, na watoto wao wanaelewa Kiswahili hata wanapojibu kwa Kiarabu. Watoto wa ami wote wako Muscat, maofisini. Yeye baada ya kustaafu alirudi kijijini kwa babu kulihuisha shamba, na nilipofika magoti yalikuwa yanamshinda. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa kirefu kwa nini nimekuja. Hakuniuliza. Alinionyesha chumba, akanipa makubadhi ya zamani, akaniambia zamu yetu ya maji ni kesho kutwa, saa nane usiku.

Nieleze falaji ni nini, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Chini ya mlima huchimbwa kisima kirefu mpaka kufikia maji yaliyojificha kwenye miamba. Hicho huitwa mama wa falaji. Kutoka hapo huchimbwa handaki chini kwa chini, lenye mteremko mdogo mno kiasi kwamba jicho halioni, na kila baada ya hatua kadhaa hutobolewa shimo la kuingizia hewa na kutolea mchanga. Handaki linaweza kwenda kilomita nyingi. Linapofika kijijini, maji hutokea juu ya ardhi yenyewe, bila pampu na bila umeme, yakaingia kwenye mfereji wa wazi. Oman ina falaji kama 3,000 zinazotiririka hadi leo, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano kati yake kwenye orodha ya urithi wa dunia, mojawapo Falaji Daris ya Nizwa. Wazee husimulia kwamba Nabii Suleiman bin Daud alipita nchi ile akaikuta kame, akawaamuru majini wachimbe falaji elfu moja kwa siku, siku kumi mfululizo. Ukiingiza kichwa kwenye shimo mojawapo na kuona kazi iliyofanyika ndani ya jiwe, unaelewa kwa nini watu hawakuridhika kusema ni kazi ya binadamu tu.

Maji yakitoka ardhini yana adabu yake. Mahali pa kwanza ni pa kuteka ya kunywa, na hapo kila mtu ana haki, mwenyeji na mpita njia, hata asiyemiliki chochote. Yakitoka hapo hupita msikitini kwa udhu, kisha kwenye mabafu ya wanaume na ya wanawake, na kijiji chetu kilikuwa na pahala pake pa kuoshea maiti. Ndipo yanapoingia mashambani, na huko ndiko yanakokuwa mali ya watu. Ami alinipeleka Birkat al-Mawz nikaone Falaji al-Khatmeen, mahali ambapo mfereji mmoja unagawanywa kuwa mitatu iliyo sawa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko alivyotarajia. Hakuna mita, hakuna mlinzi. Kuna mawe yaliyopangwa na fundi aliyejua hasa alichokuwa akifanya, na mifereji mitatu ambayo hakuna mwenye nayo anayeilalamikia.

Lakini kugawa mfereji ni rahisi. Kazi ni kugawa muda. Umiliki wa maji huhesabiwa kwa athar, na athar 24 hufanya badda moja, yaani nusu siku, mchana mzima au usiku mzima. Zamu huzunguka kijiji chote kwa siku kadhaa, kisha huanza upya. Mtu anaweza kuwa na shamba bila maji, au maji bila shamba. Athar hurithiwa, huuzwa, hukodishwa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani, na usiku kwa nyota: nyota fulani ikichomoza juu ya ukingo wa mlima, zamu ya mtu imekwisha. Siku hizi kijijini kwetu wanatumia saa ya mkononi. Mti wa kivuli bado umesimama, na wapo wazee ambao nyota wanazijua kwa majina na wakizitazama wanakuambia shamba la nani linanyweshwa muda huu.

Usiku ule wa zamu yangu ya kwanza nilikwenda na mfanyakazi wa ami, mtu wa Bangladesh aliyekuwa shambani pale tangu mimi nikiwa sekondari. Ilikuwa baridi ya Januari, kali kuliko nilivyodhani jangwa linaweza kuwa. Tulifika mapema kwenye mgawanyiko wa mfereji tukamkuta jirani aliyetutangulia katika zamu ameketi anatusubiri. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa utaratibu. Hawezi kufunga lango lake akaenda kulala kabla hatujafika, kwa sababu maji hayasimami. Yakifungwa huku lazima yafunguliwe kule. Tukichelewa, dakika zilizopotea zimepotea, hakuna wa kutufidia. Tukiwahi kufungua, tumemwibia. Tulikaa watu watatu kimya tukitazama saa ya mkononi kwa mwanga wa tochi. Ilipotimia, jirani alisema bismillahi, akasukuma jiwe lililofungwa matambara upande wake, na mwenzangu akalivuta la upande wetu. Maji yaligeuka. Jirani akanipa mkono, mimi mgeni asiyemjua, akaenda zake kulala.

Nilikimbia na jembe kutoka jaruba hadi jaruba, nikifungua tuta hili na kuziba lile kama nilivyoelekezwa, matope hadi magotini, na maji yakawa yananishinda kasi. Zamu yote ya ami ilikuwa na athar kadhaa, na ile ya baba ilikuwa ya mwisho. Mwenzangu aliponiambia kwa Kiarabu chake cha kuungaunga kwamba sasa ni ya mzee wa Zanzibar, niliacha kukimbia. Nusu saa nzima niliielekeza kwenye mitende iliyokuwa imekunywa muda wa baba yangu kwa miaka ambayo hata picha ya mahali pale hakuwahi kuiona. Nililia, kwa sababu siku ya maziko nilikuwa sijalia.

Msimu ule ulikuwa wa kuchavusha. Mitende ina dume na jike, na kuuachia upepo kazi hiyo ni kujinyima mavuno, kwa hiyo lazima mtu apande juu, apasue karara la jike na kuweka ndani yake vishuke vya dume, kisha afunge kwa ukuti. Mti mmoja hauchavushwi mara moja, kwa sababu makarara hayatoki pamoja. Yule mwenzangu wa Bangladesh alinifundisha kupanda kwa kamba inayozunguka kiuno na shina, na alikuwa mwalimu mkali. Hakuniruhusu kupanda mti mrefu mpaka alipojiridhisha na miguu yangu. Machi, mwezi ambao kwa miaka yote ya ukaguzi nilikuwa siwezi kusema jua limechomoza upande gani wa jengo, niliumaliza nikiujua kila mti kwa aina: khalas, fardh, khunaizi, naghal inayotangulia kuiva. Kiangazi kilipokuja na joto likapita nyuzi 45, tulifanya kazi alfajiri na jioni, mchana tukilala kama walivyolala watu wote wa bonde lile tangu enzi.

Sitaki kukipamba kijiji kile. Mtu aliyeyagusa maji yale kuliko yeyote, yule mwalimu wangu, hana athar hata moja. Watoto wake amewaona wakikua ndani ya simu. Saa zake nazo zimenunuliwa, kwa bei ndogo, na sehemu kubwa ya mashamba ya Oman leo hutegemea watu kama yeye kutoka Bangladesh, India na Pakistan. Nilimuuliza ami kuhusu hilo jioni moja tukinywa kahawa. Alinyamaza, akasema, "Ni kweli, mwanangu, na mimi nimeliona nikiwa mzee." Alimwongezea malipo. Hilo halikuondoa swali, na mimi bado ninalo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigeuza hasa. Falaji ina uongozi: wakili anayeisimamia, arifu anayepanga zamu, na mweka hazina. Wakili wetu alikuwa mzee, na daftari la hisa lilikuwa limechakaa. Alipata habari kwamba mtoto wa ndugu yake ami kutoka Zanzibar ni mtu wa hesabu, akamwomba ami nisaidie kulinakili katika kitabu kipya. Moyo wangu ulikataa. Nilikuwa nimevuka bahari kuziacha leja. Nilikubali kwa heshima ya ami, kwa sababu kumkatalia mzee wa kijiji mbele yake lisingekuwa jambo la kufanyika.

Kiarabu changu ni cha madrasa, kwa hiyo ami alisoma na mimi nikaandika, jioni baada ya jioni. Hisa za watu hai zilikuwa kama nilivyotarajia. Kisha tukafika kwenye hisa za wakfu. Athar moja ya msikiti. Athar nyingine ya futari ya waliofunga. Robo ya mafuta ya taa ya madrasa, ingawa taa ya mafuta haijawashwa siku nyingi na sasa inalipia umeme. Athar kadhaa za falaji yenyewe, ambazo hupigwa mnada hadharani, wakulima wakishindana kuzikodi, na fedha yake hutengeneza handaki linapoporomoka. Kando ya kila hisa kulikuwa na jina la aliyeitoa. "Huyu ni nani?" nilimuuliza ami kuhusu mwanamke aliyetoa ile ya futari. Hakujua. Wakili naye hakujua. Hakuna aliye hai anayejua yule mwanamke alikuwa nani, nyumba yake ilikuwa wapi, alikufa lini. Lakini nusu saa yake bado inafanya kazi. Kila zamu ikizunguka, maji yake hukodishwa, na Ramadhani watu hufuturu kwa muda alioumiliki yeye.

Nilisimamisha kalamu. Ile hesabu iliyokataa kukaa kule Dar es Salaam, ya saa nyingi zisizo na mtu ndani, ilikuwa imefunguliwa mbele yangu kwa mwandiko wa watu wasiojua hata kama kuna kazi inaitwa ukaguzi. Saa zangu zilikuwa zimelipwa na zikaishia hapo kwenye malipo. Hakuna aliyekuwa akinisubiri langoni wala aliyekula kutokana nazo baada ya mwezi kufungwa. Na hapo hapo nikatambua kwamba mkono ulioshika kalamu ulikuwa mkono wa mkaguzi, nao ulikuwa na furaha. Nilikuwa nikijumlisha athar za kila badda mara mbili mbili kuhakikisha zinafika 24, nikifuata hisa iliyogawanywa kwa warithi saba mpaka kipande cha mwisho kionekane, na sikuwa nimechoka. Niliyekuwa nikimtafuta alikuwa hapo mezani, anafanya kazi aliyosomea, ila sasa palikuwa na watu pande zote za hesabu: waliotangulia, waliopo, na wanaosubiri zamu.

Kitabu kipya kilisomwa hadharani baada ya sala ya Ijumaa. Kila mtu alisikia hisa yake na ya jirani yake. Mzee mmoja alipinga robo, ikatafutwa kwenye daftari la zamani, ikakutwa ni kweli, ikasahihishwa mbele ya wote. Nimewahi kukaa katika mikutano mikuu ya wanahisa yenye mazulia na maji ya chupa, na sijaona udhibiti wa hesabu ulio bora kuliko ule.

Usiku huo nilimpigia mama kumsimulia. Nilieleza zamu, lango, kusubiriana usiku, daftari, wakfu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," alisema, "hayo si ndiyo mambo ya ndiva?"

Ndiva nilizijua, kwa namna mtoto wa likizo anavyojua. Ni mabwawa madogo ya udongo na mawe ambayo Wapare wamekuwa wakiyajenga milimani tangu zamani; maji ya kijito hukusanywa usiku, asubuhi kizibo hufunguliwa na maji hushuka kwa mifereji hadi mashambani, kwa zamu. Nilikuwa nikiogelea humo na kufukuzwa. Mama alinieleza kwa simu yale ambayo hakuwahi kunieleza kwa sababu sikuwahi kuuliza: nani hupanga zamu, faini ya asiyetokea kwenye msaragambo wa kuzibua matope, ugomvi wa wa juu na wa chini mvua zikichelewa. Babu yangu mzaa mama alikuwa mshika zamu. Baba alikuwa na maji ya Arabuni asiyoyaona na mama alikuwa na maji ya Upare niliyoyaogelea, na mimi nilikulia katikati yao nikisomea thamani ya vitu.

Sitasema safari haikuwa na haja. Bila kusimama usiku ule kwenye mgawanyiko wa mfereji, ndiva zingebaki kumbukumbu ya kuogelea. Nilivuna tende mwaka ule na mwaka uliofuata, mpaka mjukuu mmoja wa ami alipoamua kuacha Muscat na kulishika shamba, nikamkabidhi kamba ya kupandia na majina ya miti. Kabla sijaondoka, tuliamua kuhusu athar ya baba. Mimi nilitaka yote iwe wakfu ya futari. Dada alikubali. Mama ndiye aliyekataa, akasema nusu iwe wakfu kwa jina la marehemu, nusu ibaki ili tende ziendelee kufika, kwa sababu wajukuu nao wana haki ya kula kwa babu yao. Ami aliandika hivyo.

Leo niko Same. Ninaandika hesabu za vikundi vya umwagiliaji, za vyama vya kuweka na kukopa, na za wakulima wa tangawizi wa milimani ambao kwa muda mrefu wameuza bila kujua gharama yao ni kiasi gani. Mapato yangu hayafikii hata karibu na ya umeneja, na kuna miezi ambayo ninayahesabu kwa wasiwasi. Uanachama wangu wa Bodi naulipia, kwa sababu mkulima naye anastahili mtu aliyehitimu.

Jumanne tuna kikao cha ndiva moja ambayo kizibo chake kinavuja. Mvua za vuli hazikutosha, na zamu zimefupishwa. Wajane wawili wa upande wa chini wanasema tangu zifupishwe, maji hukatika kabla hayajafika kwao, na mwenyekiti anasema wanazidisha. Nimepima kwa saa, zamu kwa zamu, juu na chini, kwa wiki kadhaa. Wajane wanasema kweli. Takwimu zimo kwenye daftari, na daftari litasomwa mbele ya wote, jina kwa jina, kabla hatujaanza kuchangia saruji.